Osea Simbeye, Aliyestaafia Ng'ambo Akazikwa Ukweni

Wafiwa, wachungaji, majirani wa Ihanda mlioacha kahawa mtini, na ninyi mliovuka mpaka kuja kutufuta machozi, karibuni tumsindikize Mzee Osea Simbeye kwa habari za maisha yake. Anayesoma ni mjukuu wake, Jenista. Watoto wa marehemu ndio waliotakiwa kusoma, wakashindwa, mmoja kwa kilio na wawili kwa hasira. Kwa desturi yetu mjukuu na babu ni watani, na mtani msibani hazibwi mdomo. Marehemu mwenyewe alimwita Jenista mke mdogo, akawa anamwambia Bibi Fausta aanze kufungasha nguo zake mapema. Basi palipo na neno kali mlipokee kama la mtani, ila mjue ni la kweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Chapwa, Tunduma, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Yesaya Simbeye na Bibi Loisi. Enzi hizo Chapwa ilikuwa mashamba ya ulezi, wala hakuna aliyewaza kwamba siku moja malori yangekuja kupanga foleni mpaka mlangoni kwa watu. Baba yake mdogo alikuwa amevuka kwenda kulima upande wa Zambia, akaoa hukohuko. Kwa akina Simbeye mpaka ulikuwa jambo la serikali. Mtu aliamka Chapwa, akavuka kumjulia hali shangazi, akala nshima, ugali wa kule, akarudi kulala kwake bila kuona kwamba amesafiri.

Alisoma shule ya msingi Tunduma kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari Mbeya, kisha akapata mafunzo ya mifugo Mpwapwa, akahitimu mwaka 1979. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa bwana mifugo wilayani Mbozi. Mwaka huohuo baba yake mdogo alifariki ng'ambo, akaacha mtoto wa miaka sita aitwaye Joshua. Marehemu alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, hana mke wala kitanda cha maana. Akavuka, akamchukua yule mtoto, akaja naye Tanzania akiwa amempakia kwenye baiskeli. Kwetu mtoto wa baba mdogo haitwi binamu. Ni mdogo wako, mmetoka tumbo moja hata kama matumbo yalikuwa mawili. Joshua alikula alichokula kaka yake, alisomeshwa na kaka yake, na alipokuwa mtu mzima akataka kurudi alikozaliwa, kaka yake ndiye aliyempelekea mahari ya mke. Haya yanasemwa mapema ili asije mtu akadhani tunamzungumzia mpita njia.

Kazini marehemu alikuwa mkali. Kwa miaka mingi alikagua ng'ombe na ngozi zinazovuka mpakani Tunduma, na wafanyabiashara walimpa jina la Bwana Rudisha, kwa sababu ng'ombe mwenye mate yasiyoeleweka alirudishwa alikotoka, hata awe wa mkubwa gani.

Hata mke alimpata kwa ukali huo. Mwaka 1984 alitumwa hapa Ihanda kuchanja ng'ombe, akamwona Fausta, binti wa Mzee Mbonile, akiwa amembana fahali pembe ili sindano ipite. Marehemu alisema alipenda kwanza ile mikono, sura akaja kuiona baadaye. Posa ikapelekwa, ikakubaliwa, na ng'ombe wa mahari wakawa wanasubiri Chapwa kuletwa. Wiki ileile akagundua ugonjwa wa miguu na midomo katika zizi la baba mkwe. Kijana gani mwingine asingefumba macho? Yeye aliweka kijiji kizima karantini. Ng'ombe haingii, ng'ombe hatoki, na wa kwake wa mahari wakiwemo. Watu wa Ihanda wakasema bwana harusi kachanganyikiwa. Mzee Mbonile alicheka mpaka akashika ubavu, akasema, "Huyu mpeni mtoto. Anayejizuia mwenyewe hataniibia." Ndoa ilifungwa tarehe 20 Julai 1985, baada ya karantini kuondolewa, na Mungu akawajalia watoto watatu, Rozi, Yonasi na Violet.

Marehemu alistaafu Machi 2018, na hapo ndipo ilipoanza habari iliyomleta kaburini. Tunduma ilikuwa imempanda kichwani. Kila kitu kilikuwa ghali, usiku malori yananguruma, na mkungu wa ndizi ulikuwa unauzwa kwa bei ya mbuzi. Pensheni ya bwana mifugo ilikuwa inaingia mwezini ikitembea na kutoka ikikimbia. Akaanza kusema atakwenda kuishi nje ya nchi. Kanisani wakamcheka. Walijua watu wa kustaafia nje ni wazungu, wanaotafuta jua na mahali pa bei nafuu. "Na mimi natafuta bei nafuu," akawajibu. "Jua ninalo."

Alikuwa na kipimo chake cha kuchagulia mahali. Wengine wangeulizia bei ya unga, na yeye aliulizia. Aliangalia mto kama unakauka Oktoba, akaangalia zahanati kama nesi anajibu salamu. Lakini kipimo kikubwa kilikuwa msiba. Kila alipopafikiria mahali, alikwenda kwanza kuhudhuria maziko ya huko, ya mtu asiyemjua, akashika jembe na kuchimba pamoja na wenyeji. Alisema mzee hahamii mahali kuishi tu, anahamia pia kufa, na unafuu wa mahali unaonekana siku ya kufiwa, ukihesabu ni wangapi wanakuja bila kuitwa.

Chitipa, Malawi, alirudi akiwasifu watu kwa uimbaji, ila akasema sukari inatafutwa kama dawa. Mbala, Zambia, alikuta kaburi linachimbwa na vijana wa kukodiwa, akapanda basi jioni ileile. Ndipo Joshua alipomwita Chisanzu, kijiji cha Zambia alichokuwa akiishi yeye, ndani kidogo kutoka barabara ya Nakonde kwenda Isoka. Alikuwa amefariki bibi kizee asiye na mtoto hata mmoja. Kijiji kizima kilifika. Wanawake walikuja na unga vichwani, wanaume walichimba kwa zamu bila kupangwa. Marehemu alirudi nyumbani uso unang'aa.

"Fausta, nimepapata," akasema. "Pale mtu akifa hata mbwa wanakuja."

Rozi, mwanawe mkubwa, hakupenda. Alimwambia, "Baba, ile ni nchi ya watu."

"Watu gani, Rozi? Wale ni akina Simbeye. Joshua yupo pale."

Bibi naye alimwambia kwamba ndugu zake wa Ihanda wangempa mahali, bure kabisa, na mti wa kahawa juu. Marehemu alikataa. Mwanaume wa Kinamwanga kwenda kuzeekea ukweni lilikuwa jambo asiloweza hata kulitamka vizuri. Alisema afadhali akalale chini ya lori.

Mei 2019 walikwenda kwa mkuu wa kijiji cha Chisanzu kuomba kiwanja. Njiani Joshua alimsimamisha kaka yake. Akamwambia, "Kaka, tukisema cha kwako watatuzungusha ofisi zote, kwa sababu wewe ni wa ng'ambo. Niache nijitaje mimi. Tukitoka pale ni chako." Marehemu aliona sawa. Tena kwa akina Simbeye, mkubwa haombi kwa mdomo wake mwenyewe. Anakaa nyuma na kofia magotini, mdogo wake anamsemea, na kusemewa ndiyo heshima yake. Bwana Rudisha, aliyezoea kumpanua kila ng'ombe mdomo kabla ya kumruhusu avuke, siku ile alikaa nyuma kwenye kigoda, akamsikiliza mdogo wake akijitaja jina, akawa anaitikia kwa kichwa. Unga ukapokelewa, kuku akapokelewa, kiwanja kikaonyeshwa. Na furaha aliyokuwa nayo siku ile, Bibi anasema, hakuwahi kuiona hata siku ya harusi.

Akauza kiwanja cha Chapwa na nyumba yake, akajenga Chisanzu. Alifyatua tofali kwa udongo wa palepale. Bibi Fausta alisiliba kuta za ndani kwa mikono yake, akachukua miche ya kahawa kutoka hapa Ihanda, akaivusha mpakani ndani ya beseni, akaipanda nyuma ya nyumba ingawa watu wa kule walimwambia haitaota. Iliota. Walihamia Agosti 2022. Wajukuu walipokwenda likizo walimkuta babu yao amenenepa, anatibu mbuzi wa kijiji kizima bila malipo, anacheza bao na mkuu wa kijiji, na anamtambia kila mgeni kwamba yeye yuko ughaibuni. Misimu miwili waliishi vile. Isemwe bila kuficha kwamba walikuwa na raha, ili ijulikane kilichoharibiwa ni kitu gani.

Baadaye barabara ikatengenezwa, soko likasogea, na viwanja vya Chisanzu vikaanza kutamaniwa. Julai 2024 Joshua alikuja na mwanawe Dennis. Walikaribishwa chai. Joshua akasema, "Kaka, mtoto anaoa. Nimeona akae hapa. Ninyi mtachukua kile chumba cha nyuma, karibu na jiko, ni kizuri, kina joto."

Marehemu alidhani ni utani, akacheka. Joshua hakucheka.

"Chumba cha nyuma?" Bibi Fausta aliuliza. "Cha nyumba ya nani?"

"Shemeji, usikasirike. Nyumba ni ya ukoo. Ila kiwanja nilipewa mimi, na kijiji kizima kinajua."

Shauri likafika kwa mkuu wa kijiji. Yule mzee hakuwa mjinga. Alimwona Osea akifyatua tofali, alimwona Fausta akisiliba, na alikuwa amekula kwao mara nyingi. Wala hakutaka kulikata shauri kwa haraka. Aliwakalisha watu, akamgeukia Joshua, akamuuliza kwa upole, "Siku ile uliyosimama hapa kuomba, ulijisemea wewe mwenyewe, au ulimsemea mkubwa wako?"

Kila aliyekuwepo alielewa mzee anafanya nini. Alikuwa anamfungulia mlango. Joshua angesema amemsemea mkubwa wake, mkuu wa kijiji angelipeleka neno kwa chifu, na ingetafutwa njia ya mgeni kuendelea kukaa. Lilihitajika neno moja kutoka kwa mtu aliyebebwa kwenye baiskeli ya Osea Simbeye.

Joshua alitazama chini. Akasema, "Nilijisemea."

Marehemu hakubisha. Bibi alitaka kusimama, mumewe akamshika mkono. Walipokuwa wanarudi nyumbani alisema jambo ambalo Bibi amelirudia kila siku tangu msiba huu uanze. "Fausta, nilipima maji, nikapima udongo, nikapima mpaka msiba. Ndugu sikumpima."

Waliondoka Chisanzu tarehe 3 Agosti 2024. Majirani waliwasindikiza hadi barabarani, na mkuu wa kijiji akawabebea mkeka yeye mwenyewe, mzee kama yule. Kwa hiyo hatuna kinyongo na Chisanzu. Mahali marehemu alichagua vizuri. Aliyemwangusha ni mtu, tena wa nyumbani, na kikulacho ki nguoni mwako.

Chapwa hapakuwa na pa kurudi. Shemeji yake, Mzee Ambilikile Mbonile, alikuja na pikapu kuwapokea mpakani, akawaleta hapa Ihanda. Kwa wiki nyingi marehemu hakutaka kutoka nje mchana. Alikula kidogo, akishukuru mno kwa kila sahani, kama mgeni, na shemeji yake alikuwa akiumia kumsikia. Siku moja Mzee Ambilikile alimwendea akamwambia, "Shemeji, ukinishukuru tena kwa ugali nitakufungia karantini." Ndipo alipocheka, na kuanzia siku ile akawa anatoka kuangalia ng'ombe. Lakini ndani alikuwa ameshavunjika. Shinikizo la damu, alilokuwa akilidhibiti vizuri kwa dawa, lilikataa kushuka. Januari 2025 alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala na maneno yakawa mazito. Alitibiwa hospitali, akarudishwa nyumbani, akauguzwa na Bibi Fausta na Violet bila kuchoka. Katika maneno machache aliyobakiwa nayo, jina la Joshua lilikuwemo. Alikuwa akiuliza, "Joshua amekuja?" Hakuja. Alipigiwa simu na Rozi, akapigiwa na Yonasi, akaahidi atakuja mahindi yakishavunwa. Marehemu alifariki asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, akiwa na miaka sitini na saba, akiwa anasubiri.

Jioni ya siku hiyohiyo Joshua alifika. Mtu aliyekosa nafasi miezi mitano aliipata siku moja. Alikuja na wazee wawili, akasema kaburi limeshaanza kuchimbwa Chisanzu, maana si heshima mtu mzima wa akina Simbeye kuzikwa ukweni. "Kaka azikwe kwake," akasema. "Nyumba ile ni ya kwake."

Watoto wa marehemu walisimama wote kwa pamoja, na Mungu anajua kingetokea nini. Bibi Fausta, aliyekuwa amelala kwenye mkeka, aliinuka akakaa. Hakupandisha sauti.

"Umesema kwake?"

"Ndiyo, shemeji. Kwake."

"Basi maneno hayo nenda ukayaseme kwa mkuu wa kijiji, kama ulivyosema yale mengine. Nitamtuma Yonasi afuatane nawe asubuhi asikie. Ukiyasema, tunampeleka mume wangu Chisanzu keshokutwa, na mimi nafuatana naye, nakaa karibu na kaburi lake, kwenye nyumba yangu, mpaka nife."

Wazee wawili walimwangalia Joshua. Dennis na mkewe wako ndani ya nyumba ile, na wana mtoto mchanga. Joshua alisema ni mambo ya kuzungumza baadaye, baada ya maziko, taratibu. Bibi akajilaza tena kwenye mkeka, akasema, "Alitaka kaburi lipate mtu. Nyumba anayo."

Basi Mzee Osea anazikwa Ihanda, kwenye shamba la kahawa la Mzee Ambilikile Mbonile, karibu na kaburi la baba mkwe wake. Kuna watu wa ukoo wanaona ni aibu, na wamesema. Wajibiwe hapahapa. Mzee Ambilikile alipoulizwa kama anajua anachokifanya, kuzika mkwe katikati ya watu wake, alijibu, "Nimemwonyesha mahali mbele ya mwenyekiti, mbele ya mchungaji na mbele ya watoto wangu wote. Nimesema ni pake. Na nimesema kwa sauti ili atakayenifuata asijifanye kiziwi." Kaburi limechimbwa na vijana wa Ihanda tangu jana, kwa zamu, na hakuna aliyewaita. Marehemu angekuwa hai angesimama pale pembeni akiwahesabu, na angeridhika.

Kamati ya mazishi ilishauri sehemu ya Chisanzu ifupishwe, kwa kuwa msiba si baraza. Bibi Fausta akasema isomwe yote, kwa kuwa mumewe alinyamaza mara moja mahali alipopaswa kusema, na kunyamaza kule ndiko kulikomuua.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Fausta, watoto watatu, Rozi, Yonasi na Violet, na wajukuu saba, akiwemo huyu anayesoma, aliyeachika leo kabla ya kuolewa. Ameacha shemeji aliyekuwa ndugu. Ameacha pia mdogo mmoja, Joshua Simbeye. Watoto waliomba jina hili lisichapwe. Bibi alikataa, akasema ndugu hafutwi kwa wino, na akifika apewe kiti, apewe chakula, aage mwili kama wengine. Udongo tu ndio asitupe. Mkono wake hautaingia katika mahali hapa pa kaka yake.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Lala, Mzee Osea, pumzika kwa amani hapa ulipopewa, na safari hii usihamishwe na mtu.